Fundo la Mutuku

Watu wengine huwakumbuka wapendwa wao kwa manukato, au kwa wimbo, au kwa chakula fulani cha Jumapili. Mimi kaka yangu namkumbuka kwa harufu ya beberu. Sisemi hivyo kumdhihaki. Yeye mwenyewe angelisikia hili angecheka hadi akae chini.

Juzi nilikwenda soko la mbuzi la Kiamaiko kununua nyama ya wageni. Siku hizi ninaishi Njiru na bucha ziko tele karibu na kwangu, lakini mume wangu ana imani yake kwamba mbuzi ni wa Kiamaiko, na ukimletea wa kwingine atamtafuna kama mtu anayetimiza wajibu. Nilikuwa nimesimama kando ya njia nikiinua sketi isiguse tope, mtu mmoja alipopita akimvuta beberu mweusi aliyekataa kutembea. Beberu huyo alikuwa na ndevu ndefu, chafu, na harufu ile ambayo ukishainusa mara moja haikutoki. Nilijikuta nimekishika kidole changu cha pete kwa mkono wa pili, nimekibana kwa nguvu, kana kwamba kuna mtu anataka kuninyang'anya. Muuza nyama akaniuliza, "Mathe, uko sawa kweli?" Nikamwambia ni vumbi. Ilikuwa tope kila mahali, vumbi lingetoka wapi? Aliniangalia tu, akanifungia nyama yangu.

Nilikuwa na chunjua. Ndipo yote yalipoanzia, na najua si jambo la kifahari la kuanzia hadithi ya kifo.

Nilikuwa darasa la pili. Tulikaa mtaa wa Tena, katika nyumba ya vyumba viwili, kimoja cha kulala na kingine cha kila kitu, pamoja na cherehani ya Mama. Mama alikuwa fundi wa nguo, na sare za watoto wengi wa mtaa wetu zilipita chini ya sindano yake. Baba alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, akija nyumbani anakuja kama mgeni, na mkate na soda mkononi. Watoto tulikuwa wawili tu, mimi Mwende, na kaka yangu Mutuku, aliyekuwa kidato cha tatu. Alikuwa amenizidi miaka mingi hata sikuwahi kumwona kama mtoto mwenzangu. Ndiye aliyenifunga kamba za viatu, ndiye aliyenisuka nywele vibaya Mama alipokuwa na kazi nyingi, ndiye aliyenipeleka shule akinishika mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa na kazi ya kubeba chakula.

Chunjua ya kwanza iliota kwenye mkono huo huo wa kushoto, juu ya kidole cha pete. Mwanzoni ilikuwa ndogo kama punje ya mchele, halafu ikawa kama punje ya mahindi, na uso wake ulikwaruza kama ulimi wa paka. Kisha zikaja ndogo ndogo kuizunguka, nyingine mgongoni mwa mkono, nyingine pembeni mwa kucha ambazo nilikuwa na tabia ya kuzitafuna. Hazikuuma. Laiti zingeuma, labda watu wangenihurumia.

Watoto wa ploti yetu ya nyumba za kupanga walikuwa na maelezo kamili: nimekojolewa na chura. Mvua ikinyesha, mtaro uliopita nyuma ya nyumba zetu ulijaa vyura wakikoroma hadi asubuhi, na mimi, kwa mujibu wa mashahidi ambao hawakuwahi kuona lolote, nilikuwa nimemchezea mmoja wao. Wakaniita Chura. Sikuwa nimegusa chura hata siku moja, lakini walisema kwa uhakika sana hata nikaanza kujitilia shaka. Mchana mmoja nilichutama kando ya mtaro nikawaomba vyura msamaha, kwa Kikamba na kwa Kiswahili, maana sikujua vyura wa Tena ni wa kabila gani.

Shuleni ilikuwa mbaya zaidi. Mchezo wa wasichana muhula ule ulikuwa wa kupiga makofi, wawili wawili, kiganja kwa kiganja, huku mnaimba haraka hadi mmoja akosee. Mchezo huo huwezi kuucheza peke yako. Shiku, jirani yetu na rafiki yangu wa tangu chekechea, alificha mikono yake nyuma ya mgongo. "Mathe amesema nisikuguse, zitanishika," akasema. Hakusema kwa ubaya. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi kama yangu.

Na ukweli ni kwamba mama yake Shiku hakuwa mjinga. Mwaka jana binti yangu aliota moja gotini, nikampeleka kwa daktari wa ngozi, na yule dada mpole akanieleza yale ambayo ningehitaji kuyasikia nikiwa na miaka minane. Chunjua ni virusi. Vinaingia kupitia mchubuko mdogo tu, pale ngozi ilipopasuka au kulowa sana, na vinapenda mikono ya watoto wanaotafuna kucha na kuoga kwa beseni moja. Vyura hawahusiki kabisa. Dawa zipo, akasema, ya majimaji ya kupaka inayolainisha na kumenya ngozi kidogo kidogo, na nyingine ya kuigandisha kwa baridi kali. Lakini kwa mtoto mara nyingi huhitaji kufanya lolote. Mwili unachelewa kuvitambua virusi hivyo, na siku ukivitambua unavifukuza wenyewe. Usikate, usichokoe, wala usifunge uzi. Aliposema uzi nilimwomba maji ya kunywa.

Basi habari ya makofi ikamfikia Mutuku. Kesho yake jioni aliniita nyuma ya nyumba, mahali ambapo wasee wake, yaani vijana wenzake, hawangemwona, akachuchumaa hadi tukalingana. Akanyoosha viganja vyake vikubwa. "Haya, nifunze," akasema. "Lakini ukiambia mtu hata mmoja, mi na wewe tumekosana." Alikuwa mbaya ajabu katika mchezo ule. Alikosea kila mara, akaimba maneno yasiyokuwepo, na viganja vyake vilikuwa vikavu na vya moto. Tulicheza hivyo karibu kila jioni. Hakuifuta mikono yake kwenye suruali baadaye, na mimi nilikuwa nikimwangalia kwa makini nione kama ataifuta.

Ndipo Susu akaja. Susu ni nyanya yetu, mama yake Mama, aliyekuja kutoka Ukambani na kikapu cha mbaazi na maoni juu ya kila kitu. Aliushika mkono wangu, akaupeleka mlangoni penye mwanga, akaugeuza kama anayenunua kuku. Kisha akaiwekea kidole ile kubwa ya kwanza. "Huyu ndiye mama yao," akasema. "Hawa wengine ni watoto tu. Mama akifa, watoto wanamfuata."

Akatoa masharti, na sisi wote tulisikiliza, hata Mama ambaye alikuwa ameacha kukanyaga cherehani. Chunjua mama hufungwa kwa udevu wa beberu, tena beberu aliye hai, maana udevu wa aliyechinjwa hauna kazi. Anayefunga awe kifungua mimba wa tumbo lile lile. Na yule aliyefunga ndiye atakayefungua. Akifungua mwingine, zote zitarudi, zije na wenzao.

"Si nitumie tu uzi?" Mama akauliza, akionyesha vigurudumu vya nyuzi vya rangi zote ukutani.

"Uzi ni wa nguo," Susu akajibu, na mjadala ukaishia hapo.

Jumamosi Mutuku alikwenda Kiamaiko. Alirudi alasiri akinuka hadi Mama akamkataza kukalia kochi, shati limechanika kwapani, na ndani ya karatasi ya daftari alikuwa na ndevu kadhaa nyeusi, ngumu kama nyaya. Alinisimulia huku akicheka. Alikuwa amewaomba wenye mbuzi, wakadhani ni wazimu, halafu wakamwambia kama anataka ndevu azing'oe mwenyewe. "Mwende, nakwambia, yule beberu alikuwa na ndevu kuliko headmaster wetu. Nilivuta, akageuka, akanipiga kichwa hapa. Wazee wote wa Kiamaiko walinicheka. Hii chunjua yako isipotoka baada ya hapo, mi naihama hii nyumba."

Alinifunga pale pale kwenye ngazi ya mlangoni. Alizungusha udevu shinani mwa chunjua, akakaza, akapiga fundo juu ya fundo, ulimi wake umetoka pembeni mwa mdomo kama alivyozoea akichora ramani. Nililia kidogo. "Itauma kiasi tu," akasema. "Usiguse. Mtu yeyote asiguse. Mi ndio nimefunga, mi ndio nitafungua. Jumamosi, sawa? Halafu tukimalizana na mathe yao, hizi zingine zikileta kiburi, nitazifunga moja moja. Beberu wako wengi." Akanusa vidole vyake, akakunja uso, akanisukumia vidole hivyo puani. Nilipiga kelele. Ndiyo harufu ninayoisema.

Katikati ya wiki iliyofuata, Susu akiwa ameshapanda gari kurudi kwao, Mutuku alirudi kutoka shule amejikunja. Tumbo. Nyumba yetu ilikuwa na dawa ya kila kitu, na zote zilitolewa: maji moto ya chumvi, tangawizi, chupa ya maji moto ya kuwekwa tumboni. Mama alisema ni githeri, mahindi na maharagwe ya shule, na mtu yeyote angesema hivyo. Kesho yake asubuhi Mutuku alikuwa wa rangi ya jivu. Jirani mwenye gari aliitwa, wakambeba kwa blanketi, naye alipopitishwa karibu nami akatazama kidole changu. "Usiguse," akaniambia. Ugonjwa wake ulikuwa kidole tumbo, nacho kilikuwa kimeshapasuka. Hayo niliyajua nikiwa mkubwa. Siku ile nilijua tu kwamba amekwenda hospitali, ambako watu hupona.

Mama alirudi bila yeye. Nyumba ikajaa wanawake wa kanisa, viti vikaletwa kutoka kwa majirani, chai ikapikwa katika sufuria nisizozijua. Hakuna aliyeniambia. Sijui ni nani aliyeamua, nafikiri waliamua wote pamoja bila kusemezana, kama watu wazima wanavyofanya. Nilipouliza Mutuku yuko wapi, mama yake Shiku aliniinua, akaniambia yuko ushago kwa Susu, amekwenda kupumzika. Baadaye Mama na Baba nao wakaondoka kwenda huko na magari mengi, na mimi nikaachwa kwa akina Shiku.

Sikuhuzunika. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo nikikumbuka, jinsi nilivyokuwa na furaha. Nilimwazia Mutuku kwa Susu, akila mbaazi, akipewa masharti mapya. Nilihesabu kwamba atakuwa amerudi Jumamosi, kwa sababu alikuwa ameahidi kufungua.

Jumamosi ikapita. Kidole kikavimba, kikawa chekundu, na ngozi ikaanza kuufunika ule udevu. Mama yake Shiku alipokiona alishika kichwa. Alileta wembe mpya na maji ya moto, akaniambia atakata taratibu, sitasikia chochote. Nilijifungia chooni. Nilipotolewa nilipelekwa kliniki ya mtaa, na kule daktari kijana mwenye miwani akachukua makasi madogo, akatabasamu, akasema tutamaliza sasa hivi. Nilimng'ata. Nilimng'ata vizuri, na kusema kweli sijawahi kujuta.

"Mutuku ndio alifunga!" nilipiga kelele hadi watu wa foleni wakachungulia. "Mutuku ndio atafungua! Anakuja!"

Mama yake Shiku aliketi kwenye benchi, akafunika uso kwa leso yake. Nilidhani ameona aibu kwa sababu yangu. Daktari akauliza kwa sauti ya chini Mutuku ni nani, akajibiwa kwa sauti ya chini zaidi. Akayaweka makasi chini. Akanipa dawa ya kunywa ya kuzuia usaha, akanipaka kitu cha baridi, akasema mama yangu arudi haraka.

Mama alirudi kesho yake asubuhi. Viatu vyake vilikuwa na udongo mwekundu ambao hauko mtaa wa Tena. Hakuvua hata kitambaa cha kichwa. Alichukua sindano yake nyembamba kuliko zote, ile ya kufumulia mishono, akakaa nami kwenye ngazi ya mlangoni penye mwanga, pale pale nilipofungwa, akanipakata. Nilikunja ngumi.

"Mwende, mwana wakwa," akasema, "Mutuku hayuko kwa Susu. Ako huko ushago, lakini amezikwa. Alikufa hospitalini. Nimetoka kumzika. Hatarudi."

Nilimwambia ni uongo. Nilimwambia aliahidi Jumamosi. Nilimwambia Susu alisema akifungua mwingine zote zitarudi, na kwamba yeye si kifungua mimba, yeye ni Mama tu.

"Mimi ndiye nilimzaa aliyefunga," akasema. "Mimi nina ruhusa."

Sijui kwa nini neno hilo lilinifungua ngumi. Labda kwa sababu lilikuwa na mantiki ya masharti ya Susu. Mama angeweza kukata, makasi yake makubwa yalikuwa mezani. Hakukata. Alilichokoa fundo la kwanza kwa ncha ya sindano, akalilegeza, akaenda la pili, na mafundo yalikuwa mengi kwa sababu mwanawe hakujua kufunga kitu kimoja mara moja. Aliuma midomo. Hakulia, kwa sababu akilia asingeona, na mimi nilielewa hivyo hata kwa umri ule. Udevu ulipotoka, chunjua ilitoka nao, ikaacha shimo jekundu. Mama aliuviringisha udevu katika kipande cha kitambaa akauweka kwenye droo ya cherehani. Nilitazama alipouweka.

Mngedhani nilielewa siku ile. Nilikuwa nimeyasikia maneno, hata kuyarudia kwa Shiku kwa sauti ya mtu mzima. Lakini kichwa cha mtoto kina vyumba vingi. Katika chumba kimoja Mutuku alikuwa amekufa, na katika kingine kulikuwa na zile chunjua ndogo ambazo alisema atazifunga moja moja. Kazi yake haikuwa imeisha. Na Mutuku hakuwa mtu wa kuacha kazi katikati, hata Mama alimsifu hivyo mbele ya wageni.

Basi nikazitunza. Kliniki walinipa dawa ya maji ya kupaka jioni, nikawa naipaka mbele ya Mama na kuifuta kwa shuka akigeuka. Mama yake Shiku alileta kitunguu saumu, akakisaga, akanifunga nacho kwa plasta. Niliing'oa plasta nikaitupa mtaroni, kwa vyura. Niliacha kutafuna kucha nisizidhuru. Shiku alipokuja mwenyewe siku moja, akanyoosha viganja, akasema mama yake amesema sasa ni sawa tucheze, nilimkatalia. Nilimwambia mikono yangu ina mwenyewe. Na kila gari lililosimama nje ya ploti, nilitoka kuangalia.

Muhula ukaisha, mwingine ukaanza. Susu alikuja mara moja, amekonda. Aliushika mkono wangu, akatazama kovu la kidole cha pete, kisha akauachilia bila maoni yoyote. Nilimsikia akimwambia Mama jikoni, "Nilisema mama akifa watoto wanafuata. Kwako mtoto ndiye ametangulia." Nikasikia sufuria ikiwekwa chini.

Ilikuwa asubuhi ya likizo. Nilikuwa nje nafua soksi kwenye beseni, jua limepiga povu, na nilipoinua mkono kupangusa uso nikauona. Mgongo wa mkono ulikuwa laini. Nikaugeuza, nikauosha povu, nikatazama pembeni mwa kucha. Hakukuwa na kitu. Sikujua zilianza kuondoka lini. Nilikuwa nimezilinda dhidi ya wembe, na dawa, na vitunguu saumu, na sikujua kwamba nilipaswa kuzilinda dhidi ya mwili wangu mwenyewe. Ulikuwa umevitambua vile virusi na kuvifukuza bila kuniuliza. Mkono ulikuwa safi kama wa mtoto yeyote.

Nililia kilio ambacho sikukilia siku ya ngazi. Mama alitoka mbio na futi ya kupimia shingoni, akidhani nimeumia. Akanishika mkono, akalitafuta jeraha, akaugeuza na kuugeuza. Kisha akatambua, na uso wake ukang'aa kwa mara ya kwanza tangu mwaka ule uanze.

"Zimeisha! Mwende, zimeisha zote! Sasa unalia nini?"

"Zimeisha," nikamwambia. "Sasa Mutuku atarudi kufanya nini?"

Mama alikaa chini pale pale kwenye maji yaliyomwagika. Aliuchukua mkono wangu, akaufunika kwa mikono yake yote miwili, akalia kwa sauti hadi majirani wakatoka, na mimi nikalia naye, na soksi zikabaki kwenye beseni hadi povu likaisha.